MAONI: Soma riwaya za Misri ya kale, lakini usimeze kila kitu

Kijana mwenzangu, ukitajiwa Misri ya kale unaona nini? Wacha nibashiri: piramidi, maiti iliyofungwa vitambaa, na laana inayomuua kila anayefungua kaburi. Si kosa lako. Filamu ndizo zimetufunza hivyo.

Riwaya nazo? Mimi nazipenda, tusidanganyane. The Golden Goblet ya Mmarekani Eloise Jarvis McGraw, iliyotoka 1961, inamfuata Ranofer, yatima wa mji wa Thebes anayetamani kuwa sonara lakini anaishi na kaka wa kambo ambaye ni mwizi. Hakuna uchawi humo. Njaa ya mtoto na woga wake vinatosha, na ukianza huachi.

Shida yangu iko kwa kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo, Mara, Daughter of the Nile, cha 1953. Mara ni msichana mtumwa anayekuwa jasusi wa pande mbili. Kisa kitamu, bana. Lakini angalia jinsi Malkia Hatshepsut alivyochorwa: dhalimu aliyekalia kiti kisicho chake, basi. Ukifunga kitabu bila kuuliza swali, utamchukia mwanamke aliyetawala takriban miaka 20, akajenga hekalu la Deir el-Bahari na kutuma merikebu hadi nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi wanaiweka upande wa Pembe ya Afrika. Zilirudi na dhahabu, ubani na miti ya manemane iliyong'olewa na mizizi yake. Picha za safari hiyo zingali kwenye kuta za hekalu lake.

Baada ya kufa, jina lake lilifutwa kwenye kuta nyingi. Sasa na riwaya imfute mara ya pili?

Utaniambia, "Aah, si ni hadithi tu?" Sawa, ni hadithi. Lakini sema ukweli: ni wangapi kati yetu hufungua kitabu cha historia mtihani ukiisha? Kwa wengi wetu, riwaya ndiyo itabaki kuwa historia. Kwa hivyo soma, tena kwa raha, halafu chukua simu dakika kumi uangalie nani alikuwa nani.

Na wewe unayeandika, visa bado vimejaa. Katika mwaka wa 29 wa utawala wa Farao Ramesses III, mafundi waliochonga makaburi ya wafalme walicheleweshewa nafaka, ambayo ndiyo ilikuwa mshahara wao. Waliweka zana chini, wakaenda kuketi kwenye mahekalu, wakasema njaa na kiu ndivyo vimewaleta. Karani aliyaandika hayo kwenye mafunjo ambayo leo yako Turin, Italia. Kijana wa Nairobi anayejua maana ya mshahara kuchelewa ataelewa kisa hicho haraka kuliko laana yoyote ya maiti.

Usiseme Misri ni mbali. Maji ya mto Nzoia huingia Ziwa Victoria, na ziwa hilo ndilo linalolisha Nile. Basi niandikie riwaya ya Kiswahili ya mtoto wa fundi aliyegoma. Nakala ya kwanza nitanunua mimi.