Mwigo wa Kuchekesha Si Kazi ya Wavivu

Imekuwa desturi yetu, walimu wenzangu, kuutazama mwigo wa kuchekesha kwa dharau. Tukiufundisha, twautaja mwishoni kabisa mwa orodha ya tanzu, na mwanafunzi huambiwa kwamba ni kazi ya mtu aliyekosa la kwake, akaazima la mwenzake ili alicheke. Makala haya yanaipinga rai hiyo. Ushahidi wetu tutauchukua katika filamu, kwa kuwa huko jambo laonekana kwa macho.

Mwaka 1977 Mel Brooks, mchekeshaji wa Marekani, alitoa filamu iitwayo High Anxiety. Aliiongoza mwenyewe, akaiandika pamoja na wenzake watatu, tena akaigiza mhusika mkuu, Dakta Thorndyke, tabibu aliyekabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ilhali yeye mwenyewe anaogopa mahali pa juu. Filamu nzima ni mwigo wa kazi za Alfred Hitchcock, bingwa wa taharuki: Spellbound ya 1945, Vertigo ya 1958, Psycho ya 1960, The Birds ya 1963 na nyinginezo.

Wapinzani huuliza: bila Hitchcock, Brooks angekuwa na nini? Na tulitazame tukio moja, kisha tujibu. Katika Psycho mwanamke anaoga. Pazia linavutwa, mkono wenye kisu unainuka, vinanda vinapiga mayowe, na damu inatiririka pamoja na maji hadi kwenye tundu la bafu. Katika filamu ya Brooks anayeoga ni Thorndyke. Mtumishi wa hoteli, aliyechoshwa na kuombwa gazeti mara kwa mara, anamvamia bafuni na kumchoma kwa gazeti lililokunjwa. Kinachotiririka hadi tunduni ni wino.

Brooks amekiondoa kisu, lakini umbo la tukio amelihifadhi: pazia, mkono, mayowe, tundu. Kwa kufanya hivyo ametuthibitishia kwamba sehemu kubwa ya hofu ile ilitoka katika mpango wa picha, wala haikutoka katika kisu peke yake. Ni insha ngapi za wanafunzi wetu juu ya taharuki zilizowahi kufika hapo?

Tukio jingine lina mafunzo zaidi. Thorndyke yumo garini, dereva anamdokezea kwamba huenda mtangulizi wake aliuawa, na papo hapo muziki wa kutisha unavuma. Wote wawili wanageuka kwa mshangao: kando yao linapita basi lililojaa wanamuziki na ala zao! Kwa miaka mingi watazamaji wamekuwa wakiamriwa na muziki waogope, nao wakatii bila kuuliza unatoka wapi. Brooks ameuliza swali hilo kwa niaba yao, na kicheko kinachofuata ni uhakiki kamili.

Hapana budi pia kukumbuka maelezo ya Hitchcock mwenyewe katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut, yaliyochapishwa mwaka 1966. Bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji hushtuka kwa sekunde chache tu. Akijua mapema kwamba bomu lipo, naye aone wahusika wakizungumza mambo ya kawaida, atahangaika kwa dakika nyingi. Taharuki, basi, hujengwa juu ya kujua. Mwigo nao hujengwa juu ya msingi uleule: mtazamaji anajua kinachopaswa kufuata, na hucheka kinapofuata kingine.

Wengine watasema kwamba wanafunzi wetu hawajamwona Hitchcock, kwa hiyo mzaha huu hauwahusu. Asiyejua maana haambiwi maana, ni kweli. Na mzaha wa wino utampita asiyeijua Psycho. Lakini hiyo ni sababu ya kufundisha kazi ya asili kwanza, si sababu ya kuudharau mwigo. Basi la wanamuziki, kwa upande wake, halihitaji utangulizi wowote.

Je, bingwa alitukanwa? Brooks alimtabarukia Hitchcock filamu hiyo, na Hitchcock, baada ya kuitazama, alimpelekea zawadi ya mvinyo. Mwenye mali hakulalamika. Sisi tumepewa uwakili na nani?

Sasa turudi darasani. Sote twaijua ile insha ambamo jua huchomoza, ndege huimba, na mwishowe kumbe yote yalikuwa ndoto. Mtoto mmoja akiandika kwamba ndege wamegoma kuimba kwa kuwa wamechoka kuamshwa na kila insha, twamwandikia kwa wino mwekundu: “Acha mzaha!” Hali yeye ndiye pekee aliyeutambua mtindo ambao wenziwe wameufuata kwa upofu. Mpeni alama zake. Kisha wapeni wenziwe kazi ya kueleza, kwa hoja, ni kitu gani alichokicheka.