Ngozi Inapokaza, Tusiharakishe Kusema Karogwa



Tulipokuwa Milimani, Kisumu, baada ya darsa mama mmoja alitueleza kwa haya kwamba vidole vyake havikunjiki tena. Akitia udhu kwa maji baridi hupauka, kisha huwa vya buluu. Ngozi imekaza hata pete haitoki. Majirani wamekwisha kuhukumu kuwa karogwa, na wengine hawali tena chakula chake.

Hatukumtajia maradhi yake, kwani hilo ni la daktari. Lakini dalili hizo zafanana na za skleroderma, ambapo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe na ngozi ikawa nene. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, wala hayaambukizi.

Kuupima unene huo hakuhitaji mtambo. Daktari huibana ngozi kwa vidole vyake katika sehemu 17: uso, kifua na tumbo; kisha, kwa kila upande, vidole, mgongo wa kiganja, kigasha, mkono wa juu, paja, mguu chini ya goti, na sehemu ya juu ya wayo. Ngozi ya kawaida hupewa 0. Iliyozidi kidogo, 1. Iliyozidi zaidi, 2. Isiyobanika kabisa, 3. Jumla haipiti 51. Kipimo hiki chaitwa kwa jina la tabibu wa Kimarekani, Gerald Rodnan. Ni bora mgonjwa apimwe na daktari yule yule, maana mikono hutofautiana.

Faida yake ni nini? Alama zikipanda upesi katika miaka ya mwanzo, huwa ni onyo la kuchunguza mapafu, moyo na figo mapema. Basi mwaka unaopotea kwa waganga wa ramli ni hasara kubwa.

Dada yetu, haya ya kufunua kifua isikuzuie. Omba daktari wa kike. Asipopatikana, dharura ina ruhusa yake: awepo mahram wako, na kifunuliwe kinachohitajika tu. Udhu nao, tia kwa maji ya uvuguvugu.

Mume wa mama yule alikuwa akimngoja mlangoni. Tulimnasihi ampeleke hospitali kuu bila kuchelewa, naye akaitikia. Dua tuombe, na hospitali twende.

Wabillahi tawfiq.