Hesabu Majani Kabla ya Kupiga Dawa

Juma hili safu yetu inavuka bahari hadi Kansas, Marekani. Mama mmoja wa hapa Nairobi ameniletea picha iliyotumwa na mwanawe anayesoma huko. Kijana amepata kibarua cha likizo katika prairi, yaani zile mbuga za nyasi ndefu zilizo katikati ya Marekani. Kazi yenyewe ni kunyunyizia dawa gugu moja la jamii ya kunde. Sasa amekutana na kichaka kingine, nacho ni cha jamii iyo hiyo, tena kina rangi ya kijivu vivyo hivyo. Pampu ya dawa i mgongoni. Apulize au asipulize?

Asipulize hata kidogo! Kichaka hicho ni Amorpha canescens. Wamarekani hukiita mmea wa risasi, na risasi hapa ni yale madini, si ya bunduki. Kimeota katika mbuga hizo tangu kale, hali gugu lile, Lespedeza cuneata, lililetwa kutoka Asia, na mwaka wa 2000 Kansas ililitangaza kuwa gugu hatari kote jimboni.

Jinsi ya kuvitambua? Anza na jani. Jani la gugu lina vijani vitatu tu, kama la maharagwe. La mmea wa risasi ni refu, na vijani vidogo vidogo vimejipanga pande zote mbili kama meno ya kitana, 15 au hata zaidi ya 40. Ukipitisha kidole utahisi manyoya laini meupe, na hayo ndiyo yanayoupa mmea ule ukijivu wake. Kimo chake hukufikia gotini, pengine kiunoni.

Maua yake huchanua Juni na Julai, nayo ndiyo yanayowachanganya watu. Hebu chuma ua la kunde shambani kwa nyanya yako ulitazame. Lina petali tano: moja kubwa imesimama kama bendera, mbili ni mabawa, na mbili zimeungana mfano wa mashua. Ua la mmea wa risasi lina petali moja tu! Ni ya zambarau, imejikunja kuzunguka nyuzi zenye chavua ya rangi ya chungwa. Ndiyo sababu ukaitwa Amorpha, neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kisicho na umbo. Maua hayo madogo hubanana juu ya shina kama mashuke. Ukitaka ushahidi wa ukoo wake, ngoja ganda. Ni ganda la kunde hasa, ila ni dogo mno na lina mbegu moja tu ndani.

Ana nduguze wawili. Amorpha fruticosa hupenda kingo za mito na humpita mtu kimo. Amorpha nana ni mfupi, majani yake hayana manyoya, na kila shina aghalabu hubeba shuke moja tu.

Lakini kwa nini kukihurumia kichaka cha kijivu? Mizizi yake huzama ardhini mita kadhaa. Walowezi walipoipasua prairi kwa plau karne ya 19, mizizi hiyo ilikatika kwa mlio, wakaibandika jina la kamba za viatu. Moto ukipita, kichaka huchipuka tena kutoka chini. Kinachokimaliza ni plau, na ng'ombe wengi kupita kiasi, maana mifugo hukipenda mno. Kwa hivyo ukikikuta, jua malisho hayo hayakutendewa vibaya. Na prairi ya nyasi ndefu iliyosalia Marekani haifiki asilimia 4 ya ile ya zamani. Tena mche wake hukua polepole, miaka kadhaa ikapita kabla haujatoa ua la kwanza. Dawa huuchoma kwa siku chache.

Waomaha, wenyeji wa mbuga hizo, waliupa jina la mlio wa nyati, kwa kuwa huchanua wakati madume ya nyati wa Marekani yanapongurumia majike.

Basi mama, mwambie kijana afunge pampu, ahesabu vijani, na aliweke kijiti chenye kitambaa chekundu penye kichaka ili wenzake nao wasikosee. Picha ya ganda naisubiri Septemba.