Mpiga Ngoma: Neno Moja au Mawili?

Maumbo yanayoanza na mpiga huwatatanisha waandishi wengi wa Kiswahili. Huyu huandika mpigapicha, yule mpiga picha. Makala haya mafupi yanachunguza mpiga ngoma kwa kuzingatia mazungumzo ya kila siku ya Ifakara na bonde la Kilombero. Ni maoni yetu kwamba hayo ni maneno mawili, na kwamba hoja hii inahusu mambo makubwa kuliko nafasi baina ya herufi.

Kitenzi piga kimepungukiwa na maana yake ya kugonga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura. Uzito wa maana huchukuliwa na nomino inayofuata. Kwa hiyo inafaa kuuliza iwapo nomino hiyo ingali na uhuru wake. Upatanisho wa kisarufi hutujibu. Mpiga ngoma mkubwa ni mtu mkubwa au fundi mwenye sifa. Mpiga ngoma kubwa ni yule aliyekabidhiwa ngoma iliyo kubwa. Ngoma basi inaweza kupokea kivumishi chake yenyewe. Sivyo ilivyo kwa mpigadebe anayeita abiria katika stendi ya mabasi. Akiwa mgeni kazini ataitwa mpigadebe mpya. Hakuna atakayemwita mpiga debe jipya, kwani debe lenyewe halipo tena. Hilo limekuwa neno moja.

Aidha, ngoma ina maana nyingi: ala, uchezaji, hata sherehe nzima. Vijana husema msanii ametoa ngoma, yaani wimbo, lakini hawamwiti mpiga ngoma. Katika kirai hiki maana ya ala ndiyo iliyosalia. Hata hivyo, katika bendi za dansi mtu huyo huitwa mpiga tumba au mpiga dramu, kila ala kwa jina lake, ilhali wa kijijini hubaki mpiga ngoma tu, kana kwamba ngoma zote ni moja.

Hapo ndipo penye hasara. Bonde la Kilombero lina Wapogoro, Wandamba na Wambunga, na wafugaji wa Kisukuma waliohamia humo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na kila fundi, awe wa sangula ya Wapogoro au wa ngoma za Kisukuma, huingizwa katika jina hilohilo. Kiswahili cha pwani kilitofautisha zamani chapuo, msondo na kumbwaya. Lugha za bonde nazo zina majina ya ala zake, ambayo mzee huyatamka na mjukuu huyatafsiri yote kuwa ngoma.

Kwa kuwa mpiga ngoma ni maneno mawili, nafasi ya pili i wazi. Inaweza kujazwa jina la ala yoyote bila kuvunja kanuni, kama ilivyojazwa tumba na dramu. Tunapendekeza watunga kamusi, pamoja na wanafunzi wetu wanaotoka bondeni, wayakusanye majina hayo kutoka kwa mafundi wenyewe, wakiandika umbo la ala, sauti yake na kazi yake katika mchezo. Tukiyaunganisha maneno haya mawili, tutakuwa tumeifunga nafasi hiyo kabla majina hayo hayajapata pa kuingilia.