Parafujo ya Breki Haitaki Mabavu

Askari aendaye doria kwa pikipiki hukabidhi maisha yake kwa breki. Breki ya diski nayo hutegemea parafujo ndogo ya kutolea hewa, iliyo kwenye kalipa, ambayo aghalabu hukumbukwa siku ile tu inapokataa kufunguka. Hapo ndipo huitwa spana ndefu na mwenye misuli. Mtindo huo, kwa maoni yetu, wafaa ukomeshwe.

Parafujo hiyo ina tundu katikati, kwa hiyo si imara kama bolti nyingine. Tena ni ya chuma, nayo imekazwa ndani ya kalipa ya alumini. Maji na matope yakipenya, metali hizo hulana na kushikana. Anayeilazimisha huikata shingo, na iliyokuwa kazi ndogo huweza kuwa gharama ya kalipa nzima, huku pikipiki ya kikosi imelala.

Wapo wasemao kwamba kama breki inashika, hapana haja ya kuigusa. Hoja hiyo haina uzito. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Kwa kanuni, mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za sentigredi. Yakiisha kunywa maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka kwenye mteremko mrefu hugeuka mvuke, na mvuke hugandamizika: mkono utabana breki, pikipiki isisimame.

Njia iliyo bora ni ya subira. Isugue kutu kwa brashi ya waya. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina lake, yasiguse diski wala pedi, uyaache usiku kucha. Asubuhi gonga kichwa chake taratibu kwa nyundo ndogo. Tumia soketi ya pembe sita inayoenea barabara. Spana ya mdomo wazi hula pembe. Ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze, ukienda na kurudi. Ikikaidi, pasha kalipa kwa maji yanayochemka, maana alumini hutanuka kuliko chuma. Moto usiutumie, kwani mafuta ya breki huwaka. Kabla ya kuifungua, futa mafuta yale ya kutu, kwa kuwa huharibu mipira ya breki.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wakuu wa vikosi na wahakikishe kwamba mafuta ya breki yanabadilishwa kila baada ya miaka 2, na kwamba kifuniko cha mpira hakikosekani juu ya parafujo. Na ikivunjika, aliyeivunja atoe taarifa, wala asiadhibiwe kwa kusema kweli. Adhabu imngojee anayeficha, kwa kuwa pikipiki hiyo itapandwa usiku na mwenzake wa zamu asiyejua lolote.