Mche wa Nyanya Ukigeuka Njano, Usikimbilie Urea

Msimu wa kusia nyanya ukianza, ushauri ni uleule, kitaluni hata kwenye maduka ya pembejeo, na miche ambayo ingepona hufa kwa ajili yake. Nauchambua hapa dai kwa dai, kwa sababu mkulima aliyepoteza kitalu amepoteza mbegu, wiki kadhaa za kazi, na mara nyingi soko lenyewe.

"Majani yamelegea, mche una kiu, ongeza maji." Hili ndilo dai baya kuliko yote. Mche hulegea mizizi inaposhindwa kupeleka maji juu, na inashindwa udongo ukikauka, lakini vilevile udongo ukijaa maji hadi hewa ikose nafasi. Mizizi nayo hupumua. Ikikosa oksijeni huoza, na mche hunyauka huku umesimama kwenye tope. Anayeuona hivyo hushika kopo akaumwagilia tena.

Kwa hiyo kwanza chomeka kidole udongoni. Ukikuta unyevu, weka kopo chini, ng'oa mche mmoja taratibu na uusuuze. Mizizi yenye afya ni myeupe na imara. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta kwa kucha ganda la nje hutoka lote, ukabaki na kiuzi chembamba cha katikati. Hapo dawa ni kupunguza maji, kuzibua matundu ya trei na kuipa miche hewa. Angalia na saa pia: mche unaolegea saa saba mchana kwenye jua kali na kusimama tena jioni si mgonjwa. Ule ambao alfajiri bado umelala ndio wa kushughulikia.

"Njano ni njaa ya mbolea, tia urea." Wakati mwingine ni kweli. Nitrojeni ikipungua, mche huiondoa kwenye majani ya chini na kuipeleka kwenye machipukizi, hivyo njano huanzia chini na kulienea jani zima. Lakini yale majani mawili ya kwanza, membamba yasiyo na mikato, yaliyotoka na mbegu, hugeuka njano na kudondoka yenyewe kazi yake ikiisha. Ukiyatilia mbolea unapoteza fedha. Na njano ikianzia juu, kwenye majani machanga, huku mishipa ikibaki ya kijani, kinachokosekana kwa kawaida ni madini ya chuma, ambayo mche hauwezi kuyahamisha kutoka jani kuukuu. Urea haina chuma. Asilimia 46 yake ni nitrojeni, na ikiyeyuka udongoni hutoa amonia inayoweza kuunguza mizizi michanga. Kijiko kimoja kwenye trei ndogo ni kingi mno.

"Basi nyunyiza majivu, hayana madhara." Yana potasiamu na kalsiamu, lakini nitrojeni yake ilishateketea motoni. Tena hupunguza tindikali ya udongo, na tindikali ikipungua kupita kiasi chuma kilichomo hakinyonyeki. Kwenye udongo wa pwani uliochanganyika na mawe ya matumbawe, ambao tayari una chokaa tele, majivu huzidisha njano ileile unayotaka kuiondoa.

"Huo ni ugonjwa, piga dawa ya ukungu." Ugonjwa gani? Kinyausi hulinyong'onyeza shina usawa wa udongo, likawa jembamba na jeusi, kisha mche ukaanguka. Ulioanguka hauponi. Unachookoa ni ile iliyobaki, kwa kuipa nafasi, hewa na maji machache. Mnyauko bakteria, kama jina lake, hauletwi na ukungu, na dawa ya ukungu haiutibu. Kwenye shina lililokwisha kunenepa unaupima nyumbani: kata kipande, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usubiri kidogo. Ukiona nyuzi za rangi ya maziwa zikishuka kutoka mahali ulipokata, ndio wenyewe. Na ile inayoitwa rasta, majani madogo yaliyojikunja kwenda juu na kuwa njano kingoni, ni virusi vinavyoenezwa na nzi weupe. Haina tiba. Ng'oa mche, ufukie mbali, funika kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo sana.

"Hamishia tu shambani, itachangamka huko." Hapana. Mche wenye mnyauko unaingiza shambani bakteria wanaoweza kukaa udongoni miaka mingi, na wenye rasta unawapa nzi weupe virusi vya kusambaza kwa jirani. Hata uliodhoofika kwa maji tu unahitaji kwanza kutoa mizizi mipya myeupe. Muuzaji wa miche akikushawishi kwa maneno hayo, mwombe akung'olee mmoja kabla hujalipa. Ukiona vinundu kwenye mizizi, hiyo ni minyoo fundo, na miche hiyo usiipokee hata akikupa bure.