Mpira Haumcheleweshi Mtoto

Eti mzazi anayemnunulia mtoto wa miaka miwili mpira wa Krismasi anamchelewesha. Amnunulie kishikwambi cha kufundishia herufi. Hayo yaliandikwa kwenye safu ya malezi juma lililopita, na sikubaliani nayo hata chembe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa umri huo asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni heri zaidi. Saa zilizobaki atachezea nini, chaja?

Mwandishi akasifu pia vile vidude vya kuimba na kuwaka taa vinavyotandazwa Kariakoo msimu huu. Bei poa, kweli. Lakini kigeuze uangalie mgongoni: vingine kifuniko cha betri hakina hata skrubu, ukucha tu unakifungua. Ndani mna betri bapa, ndogo kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama, inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Hilo hakuligusia kabisa.

Mpira usioenea mdomoni, vikombe vya plastiki vya kupachikana, kitabu cha kurasa ngumu: basi. Labda na vile viatu vinavyolia kila akikanyaga. Majirani watatuvumilia.